Kwenda Kukiona Kilima cha Mama Bahati

Tangu nirudi Mbuya, hapa Kampala, simu yangu haijapumzika. Kila mmoja kwenye kundi letu la ramani anauliza lile lile: mlikiona au hamkukiona? Nimeona niandike mara moja tu, kwa Kiswahili, ili Wakenya na Wakongo wetu wasinune. Mambo ya tiketi na vibali sitayagusa, hayana ladha. Na mnivumilie mpaka mwisho, maana jibu lenyewe si ndiyo wala si hapana.

Kwa waliojiunga juzi: mimi ni mwalimu wa jiografia, mtoto wa mwanajeshi kutoka Kitgum, niliyezaliwa kambini nikajifunza Kiswahili cha amri kabla ya kile cha salamu. Cha vitabuni nilikwenda kukitafuta chuoni Tanzania. Jumamosi tunakutana watu saba nyuma ya duka la kuchapisha kadi za harusi, tunabishana juu ya mistari ya kontua, ile ya vimo, kwa ukali ambao wenzetu wanauweka kwenye mpira. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Sijawahi kumpinga.

Nateete, kwenye meza ya vitambaa

Mnajua desturi yetu kwamba karatasi ya zamani haiachwi hivi hivi. Inabandikwa juu ya kitambaa cha marekani kwa gundi ya unga wa ngano ili isikatike kwenye mikunjo. Marekani yangu nanunua Nateete kwa Mama Bahati, mama Mkongo wa miaka hamsini na kitu anayeuza vitenge karibu na soko. Mwaka mzima alikuwa akinikatia mita mbili mbili bila kuuliza. Siku moja aliuliza nashonea nini kitambaa kigumu namna ile, nami, ambaye huwa nasubiri kuulizwa, nikatoa karatasi ya ramani ya Kisoro mkobani nikaitandaza juu ya vitenge vyake.

Akatafuta kwao. Kila mtu akiwekewa ramani hufanya hivyo, hata awe profesa. Kidole chake kilikwenda magharibi, kikavuka mpaka, kikakuta karatasi nyeupe. Karatasi za Uganda zinaishia mpakani, mnazijua. Ng'ambo wachoraji hawakuweka mto wala kilima. Mama Bahati alikaa akiutazama ule weupe, halafu akasema taratibu, "Kumbe kwetu hakuna."

Niliona haya kana kwamba mimi ndiye niliyepafuta kwao. Nikamweleza habari ya mipaka ya karatasi, nikamwahidi kumtafutia ile ya upande wa pili. Ndipo akanieleza. Yeye, binti yake Bahati na wajukuu wawili walikuwa wamepata nafasi ya kwenda kuishi Kanada, na ndege ilikuwa baada ya wiki tatu. Kijijini kwao, Nyamirengo, alimwacha mdogo wake Amani, aliyebaki nyuma kulinda shamba na kaburi la mama yao. Miaka minne simu ya Amani haijaita. Waliotoka huko baadaye walileta habari mbili tofauti: wengine walisema kijiji kipo na watu wamo, wengine walisema hakuna tena mtu wala mlango. Kuvuka hawezi, kwa vita na kwa karatasi zake za ukimbizi. Alichotaka ni kuona kwa macho yake, hata kwa mbali, kama mabati ya kwao bado yapo, kabla hajapanda ndege asiyojua kama itamrudisha.

Mengine mnayajua. Karatasi ya Wabelgiji iliazimwa kwa mwenzetu yule ambaye huwa haazimi. Nyamirengo haikuandikwa, hivyo nilimkalisha Mama Bahati jioni tatu nikamhoji kama polisi: chemchemi iko juu au chini ya kijiji, kanisa la mapadri ni mwendo gani, ukienda sokoni unavuka mito mingapi. Nikapata kilima kimoja kinachokubaliana na yote. Nikachora mkato wa ardhi, yaani ukiitazama ubavuni, kwenye karatasi ya miraba, nikavuta mstari kwa rula kutoka kilima cha upande wetu chenye nguzo ya wapima ardhi, na mstari ukapita juu ya kila kitu kwa nafasi ya mita sitini. Kilometa kumi na mbili tu, asubuhi jua likiwa mgongoni mwetu. Nililileta suala hili Jumamosi, mkapima upya wote sita, mkanipa mkono. Mimi nilitembea wiki nzima kichwa juu.

Nateete hadi Kayabwe

Basi la saa moja lilifika saa nne kasoro. Sisi tulilisubiri pembeni mwa barabara ya Masaka, na muda huo ulinitosha kuutazama mzigo wa Mama Bahati. Alikuwa na kikapu kikubwa chenye sukari, sabuni za vipande, chumvi, majani ya chai na kitenge kipya kilichofungwa kwenye gazeti. Nikamuuliza ni vya nani. Akasema mtu haendi kwao mikono mitupu.

Nilidhani hajanielewa. Nikamweleza tena, kwa utulivu wa mwalimu wa kidato cha kwanza, kwamba tunakwenda kutazama tu, kwamba hatutafika. Akaniambia anajua vizuri hatutafika, na kwamba kikapu kinabebwa na yeye, hakinihusu.

Mnajua nilivyo tukikaribia Kayabwe. Nilianza kuangalia dirishani kilometa kumi kabla. Nimepita pale pengine mara arobaini na bado moyo unanidunda, kwa kuwa ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo mtu anaweza kuikanyaga ikweta, mstari ambao haupo. Basi halikusimama. Nilinyanyuka kitini nikamwambia Mama Bahati kwamba sasa, sasa hivi, tumeingia nusu ya kusini ya dunia. Akaangalia nje, akaona vibanda vya vinyago na duara jeupe la saruji, akauliza mstari uko wapi. Nikasema hauonekani. Akauliza waliuchora lini. Nikasema haujachorwa, unahesabiwa. Kijana wa kiti cha mbele akageuka kusema kwamba maji ya beseni huzunguka kushoto upande huu na kulia upande ule, yeye ameonyeshwa. Nilimjibu kwa kirefu zaidi ya alivyostahili. Mama Bahati akatuma ndizi ya kuchoma mbele kumtuliza.

Kayabwe hadi Kabale

Lukaya wauzaji walizingira basi na mishikaki, kuku na gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, na tukala madirishani kama kila mtu. Baada ya Lyantonde gurudumu likapasuka. Dereva alikuwa na la akiba lakini hakuwa na jeki, na jeki ilikuja kwa pikipiki baada ya saa mbili kutoka kwa shemeji yake. Katika saa hizo mbili mzee mmoja mwenye koti la suti alibishana nami vikali. Yeye aliamini simu: mstari wa buluu unaonyesha njia, basi, kwa nini mtu mzima abebe karatasi? Nikamwambia simu inamwonyesha njia ya kwenda, karatasi inamwonyesha yuko katikati ya nini. Nililiona jibu zuri sana. Yeye aliona nauza karatasi, akauliza bei.

Kabale tulifika giza likiingia na baridi yake ile. Tulikunywa bushera, uji wa mtama uliochachuka kidogo, kwenye hoteli ndogo ambayo kila meza ilikuwa na viazi. Hapo ndipo Mama Bahati alipozungumza kuhusu Amani bila kuulizwa. Alikuwa mkaidi tangu utotoni, alisema, akikatazwa kupanda mti anapanda, akiambiwa shuka anakaa juu. Siku ya kukimbia alimwambia dada yake atangulie tu, yeye atafunga mlango na kufuata. Mama Bahati alicheka aliposema hivyo, kisha akaacha kucheka. Nikajifanya natafuta chumvi.

Kabale hadi Kisoro

Asubuhi tulipata nafasi katika pikapu ya mfanyabiashara wa mabeseni ya plastiki. Mama Bahati alikaa mbele, mimi nyuma na mabeseni, na kwa kila kona yalilia kwa pamoja. Nilikuwa nimemwomba dereva asimame Kanaba, pale barabara inapofunguka na milima ya volkano inatokea yote kwa mara moja, Muhavura, Gahinga na Sabinyo. Alisimama kwa shingo upande, akiangalia saa.

Nilitarajia Mama Bahati atafurahi, kwani Sabinyo ameutazama maisha yake yote. Akashuka, akafunga kanga yake vizuri, akatazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha kwenye karatasi. Akatikisa kichwa, akasema milima imegeuzwa, meno ya kilele cha Sabinyo yamekaa vibaya, hii si ile ya kwao. Nilimweleza kwamba ni ile ile, anaiona kutoka mgongoni tu. Alikubali kwa adabu, lakini alirudi garini akiwa mnyonge, na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi ambao sikuwa nao mezani kwangu. Mtu aliyezaliwa kilimani hajawahi kukiona kilima chake. Ameona mlango, kijia, mti wa jirani. Mimi nilikuwa nampeleka akakitambue kitu asichokijua sura.

Kisoro hadi kizuizini

Kutoka Kisoro tulichukua pikipiki mbili. Jina la kilima tulichokiendea silitaji, na mtaelewa baada ya mistari michache. Chini yake palikuwa na kamba imevutwa barabarani na wanajeshi watatu. Mmoja, mwenye cheo kidogo mkononi, akaniambia nifungue mkoba.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mwanamume kutoka Kampala, karibu na mpaka wenye vita ng'ambo, ana dira, darubini, karatasi mbili za ramani zilizobandikwa kitambaa, na karatasi ya miraba yenye mstari mwekundu ulionyooka kutoka Uganda hadi ndani ya Kongo, umeandikwa kilometa na mita. Pembeni yake mama Mkongo mwenye kikapu. Mimi ningejikamata.

"Wewe nafanya nini na hii mapu?" akauliza. "Hii laini nyekundu naenda piga nani?"

Nilianza kueleza habari za mkato na kontua, na kila neno lilizidi kuniharibia. Mama Bahati akanishika mkono ninyamaze. Akamweleza yeye mwenyewe, polepole: ana safari ya mbali, hana hakika ya kurudi, na amekuja kutazama kwao. Akafunua kikapu akamwonyesha sukari na sabuni. Mwanajeshi akatazama kikapu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ramani. Ni sabuni zile, nadhani, zilizomfanya aamini, kwa sababu hakuna jasusi anayebeba sabuni.

Akaniuliza nilijifunzia wapi Kiswahili. Nikasema Mbuya, kambini, baba yangu alikuwa huko. Mtu wa wapi? Kitgum. Uso wake ukafunguka, naye ni wa upande huo huo. Akainama juu ya karatasi akaanza kutafuta kwa kidole, kaskazini, kaskazini zaidi, mpaka ukingo wa juu ukamkatiza.

"Mimi hapana ona kwetu hapa," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli. Nikamwahidi nitamtumia karatasi yake, nami nimeshaituma.

Lakini kazi ni kazi. Dira, darubini na simu vilibaki kizuizini mpaka tutakaporudi, na akaniomba nisikitaje kilima kokote. Karatasi aliniachia. Nilipanda kilima kile nikiwa na macho mawili tu, na nilihisi niko uchi.

Kileleni

Kupanda kulichukua saa moja na nusu kwa sababu Mama Bahati alikataa nimbebee kikapu. Njia ilipita katika mashamba ya viazi na maharage, sawa kabisa na karatasi, kila kona ya kijia mahali pake, na mimi nilikuwa napanda nikizidi kuchangamka. Tukafika juu. Nguzo ya wapima ardhi ilikuwepo, saruji yake imemeguka, ile pembetatu ndogo ya ramani yangu ikiwa kitu halisi. Nikaigusa. Nikageuka magharibi kumwonyesha Kongo.

Palikuwa na mikaratusi. Ukuta wa mikaratusi, mirefu, myembamba, imepandwa kwa mistari kutoka ukingo mmoja wa kilele hadi mwingine, na nyuma ya shina kulikuwa na shina. Ulionekana weupe kidogo wa anga katikati ya majani, basi.

Ramani inaonyesha ardhi. Kontua zangu zilikuwa sahihi, mita zangu sitini zilikuwa sahihi, na juu ya hizo sitini mtu alikuwa amepanda miti. Watu saba tuliopima, wengine wetu tumefundisha hili darasani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mahali hapo pameota kitu tangu wapimaji walipoondoka kabla hatujazaliwa. Nilizunguka kilele chote nikitafuta upenyo. Nilijaribu kupanda mmoja, nikateleza nikachubuka goti. Nilirudi nikamwambia Mama Bahati kwamba nimekosea, kwamba nimemleta mbali bure.

Alikuwa amekaa juu ya nguzo na kikapu mapajani. Alikuwa amelia, ila alikuwa amemaliza.

"Karata yako haikukosea, mwalimu," akasema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho ramani ni karata. "Miti njo ilikuja nyuma."

Mwenye miti alitukuta hapo. Anaitwa Mama Jeni, mkulima wa kilima hicho, na alikuja kuona ni nani anamchunia magome. Yeye na Mama Bahati walijaribiana lugha za nyumbani, wakakuta zinakaribiana, na kuanzia hapo mimi nikawa mzigo wa tatu. Baada ya muda Mama Jeni aligeuka akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwa Kiswahili kwa nini sikuuliza mtu. Kila mtu wa pale anajua Kongo inaonekana wapi: chini kidogo, kwenye kona ya shamba lake la viazi vitamu, watu wanakosimama kushika mtandao wa simu wa Kongo. Sasa hivi kuna ukungu, alisema, twende kwake tukale, tutaona asubuhi.

Tulikula viazi na maharage yaliyoungwa na siagi. Kikapu kilipata mwenyewe hapo, chote, sukari, sabuni na kitenge. Mama Jeni hakukataa hata kwa heshima. Alielewa kilikuwa kinapelekwa wapi.

Kona ya mtandao

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa kwenye kona. Kuna jiwe bapa lililolainika kwa kukaliwa, na vocha za simu zilizokwanguliwa zimetapakaa chini. Ukungu ulikuwa bondeni tu. Jua lilitoka nyuma yetu, na Kongo ikaanza kuonekana kipande kwa kipande, kilima baada ya kilima, kijani na kijivu.

Nilitandaza karatasi juu ya jiwe, nikaigeuza ikae sawa na dunia kwa kufuata Sabinyo. Nikapata kanisa la mapadri, doa jekundu. Nikapata barabara ya sokoni. Nikahamisha kidole kutoka kanisani kwenda kulia, nikainua macho kuonyesha Nyamirengo, na mkono ukabaki hewani.

Vilikuwa viwili. Vilima viwili vilivyokaa bega kwa bega, kijito katikati, kimo kimoja. Kwenye karatasi kile cha pili kilikuwa kimeandikiwa jina la wilaya juu yake, herufi kubwa nyeusi, na herufi zile zilinifichia kontua. Nami nilikuwa nimekichukulia kuwa mteremko tu. Maelezo yote ya Mama Bahati yalifaa vyote viwili. Chemchemi chini, mito miwili, mwendo ule ule hadi kanisani.

Na jua likapanda, likavipiga. Kilima cha kushoto kikawaka. Mabati kumi, kumi na tano, pengine zaidi, yakimeta kwa zamu, na moshi mwembamba wa mtu anayepika. Cha kulia hakikuwaka. Kilikuwa kijani kutoka chini hadi juu, kijani kizito cha mahali pasipolimwa.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwao ni kimoja kati ya hivi viwili, na kwamba bila dira siwezi kusema ni kipi. Kisha nikakumbuka kwamba dira haikuhitajika. Lilibaki swali moja: asubuhi akishuka kuchota maji kwenye chemchemi, jua lilimpiga usoni au mgongoni? Kwenye karatasi kilima cha kushoto kina chemchemi mashariki, cha kulia kina chemchemi magharibi. Neno moja kutoka kwake, na ningekuwa na jibu. Nilifungua mdomo. Mnanijua, hakuna kitu nisichoweza kuuliza nikiwa na karatasi mkononi.

"Mwalimu," akasema kabla sijaanza, bila kunitazama. "Usiniulize kitu."

Nikaiondoa karatasi juu ya jiwe.

"Minabiona byote bibili," akasema. "Nitabiaga byote bibili."

Akasimama juu ya jiwe. Akakiaga cha kushoto kwa lugha ya kwao, kwa maneno mengi, na nilisikia jina la Amani likipita mara tatu, likisemwa kwa sauti ya dada anayegombeza. Kisha akageukia cha kulia. Hapo maneno yalikuwa machache na jina la Amani lilikuwemo pia. Mama Jeni alisimama karibu naye na mkono mgongoni mwake. Mimi niliikunja karatasi, kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono, na nililia bila kujificha.

Kurudi Mbuya

Kurudi hakukuwa na mikasa. Mwanajeshi alinirudishia vitu vyangu vyote, akauliza kama tumeona, Mama Bahati akamjibu ameona. Basi halikuharibika. Mama Bahati alilala kutoka Kabale mpaka Masaka, na Kayabwe nilimwacha apite kwenye mstari akiwa usingizini.

Waliondoka Alhamisi iliyofuata. Niliwasindikiza mpaka walipozuiwa wasindikizaji. Kuna theluji huko, amenitumia picha, wajukuu wamevaa makoti yaliyowazidi.

Sasa mnauliza ni kilima kipi. Mmoja wenu ameshapendekeza tutafute picha za setilaiti za zamani, mwingine anasema nimpe tu kilometa na pembe atamaliza kwa dakika kumi. Najua mnaweza. Hata mimi naweza, na namba ya Mama Bahati ninayo, na lile swali la jua na maji ningeliuliza kwa ujumbe mfupi leo hii.

Jioni moja alinipigia kutoka huko, tukaongea kuhusu baridi, halafu katikati ya mambo mengine akasema, bila mimi kugusia, kwamba yale maji ya kwao yalikuwa baridi sana asubuhi, mpaka watoto wakilia. Nilijua ananipa nafasi ya kuuliza, na nilijua pia anaomba nisiitumie. Nikamuuliza wajukuu wameanza shule.

Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa. Hamjawahi kuniona nikiandika hivi, nami sijawahi. Ni kilima kipi? Sijui.